Mshiko

Mtaani ukisema mshiko, watu wanapapasa mifuko.
Mimi nalisema neno hilo saa nane usiku,
maabara ya mlimani, Bugando,
pipeti mkononi, glavu zimenibana,
na sisemi pesa.

Nasema namna kingamwili inavyoikamata sumu:
inaigusa tu, inasalimia, inapita,
au inaishika kama Mwanza inavyoshikana na mawe yake,
jiwe juu ya jiwe bila saruji,
juu ya jiwe nyumba, juu ya nyumba antena.

Sampuli ni mbili.
Nkwimba Masalu, miaka thelathini na minne,
mpasua samaki, Mwaloni Kirumba.
Na wifi yake Ng'washi: meza ileile,
kisu kilekile kwa zamu.
Jumanne moja sangara wa kilo ishirini aliwaponyoka.
Mwiba ukamchoma Ng'washi kiganjani,
ukaenda ukamchoma Nkwimba juu ya kifundo.

Ng'washi alitoka jipu, akalikamua,
Alhamisi alikuwa mezani anadai chenji.
Nkwimba, Alhamisi hiyo, hakulijua jina la mumewe.

Mguu uling'aa kama bilinganya.
Saa nne daktari alizungushia wekundu mstari wa wino.
Saa sita wekundu ulishauruka mstari,
umeuacha nyuma kama mpaka wa shamba la mtu aliyehama.
Dawa ziliingia, bakteria wakafa.
Sumu yao haikufa,
maana sumu haijawahi kuishi.
Sumu haiuliwi. Hushikwa.

Nilipopima mara ya kwanza
kingamwili za Nkwimba zilikuwa nyingi kuliko za wifi yake.
Nikadhani nimechanganya vibandiko.
Nikarudia. Vishimo vyake vikakolea manjano,
safu nzima, kama mahindi ya kuchoma kabla ya moto.
Nyingi! Sasa kwa nini yuko kule juu
na mashine inampumulia?

Basi nikaviosha kwa yurea,
ndiyo, yurea, ileile ya magunia,
inayomwagwa kwenye mpunga huko Magu.
Yurea haina adabu. Humvuta kila aliyeshika
na kumuuliza: kweli umeshika?
Vishimo vya Nkwimba vikapauka,
chai iliyoongezewa maji kwa ajili ya wageni.
Vya Ng'washi vikabaki, kiini cha yai la kienyeji.

Wengi wape, tulifundishwa.
Kisahani hakiwapi.

Usiniulize sababu. Labda Ng'washi, mtoto, Ukerewe,
aliumwa koo wiki mbili na hakuna aliyeandika popote,
na mwili wake ukakaa miaka unachonga, unajaribu, unatupa,
unachonga tena,
hadi kitu kikaingia mahali pake kikagoma kutoka.
Labda. Daftari langu lina safu ya matokeo,
halina safu ya labda.

Umeme ulikatika saa tisa na dakika kumi.
Nilisimama gizani nimeegemea mlango wa friza
kama mtu anayezuia ng'ombe,
mpaka jenereta ikakohoa.

Sampuli ya tatu ilikuja siku ya ishirini na sita.
Kingamwili zimepungua, karibu nusu.
Nikamimina yurea, nikasubiri,
nikatazama pembeni, nikatazama tena.
Manjano. Hafifu, lakini manjano.
Mguu wakati huo ulishakatwa juu ya goti.

Nilipanda wodini, jambo ambalo si kazi yangu.
Alikuwa amekaa, anagombana na uji.
"Wewe ndiye wa damu? Damu yangu imesema nini?"
Nikatafuta Kiswahili chepesi, nikapata kimoja:
"Imejifunza kushika."
"Imechelewa," akasema.
Sikuwa na jibu la hilo, sina hadi leo.

Kisha akataka kusimama, akanidaka kifundo cha mkono,
kucha bado zina magamba ya sangara,
na akanining'inia uzito wake wote, ule uliobaki.
Saa yangu ilikatika mkanda.
Hakuachia.